Mzee Uwanjani: Chimbuko la Vyama vya Gofu vya Watu Wazima, 1905–1937

1. Utangulizi

Barabara ipandayo kutoka Kanyabayonga kuelekea Lubero hupita Alimbongo, mahali penye baridi na ukungu, ambapo miteremko ya milima imelimwa viazi, maharagwe, kabichi na vitunguu. Katika nchi ya Wanande ardhi haikugawiwa bila neno la wakubwa wa ukoo, na neno hilo lilitamkwa katika kyaghanda, yaani nyumba ya baraza ambamo wanaume, wazee kwa vijana, waliketi kuuzunguka moto mmoja. Mahali kama hapo mtu hatarajii kusikia habari za gofu. Hata hivyo, historia ya vyama vya gofu vilivyoundwa kwa ajili ya watu wa umri mkubwa inagusa swali ambalo kila jamii hulazimika kulijibu, iwe ya wakulima wa Lubero au ya wafanyabiashara wa New York: mtu aliyekwisha kupita umri wa nguvu ana nafasi gani mbele ya wenzake?

Makala haya yanachunguza jinsi swali hilo lilivyojibiwa na kundi dogo la Wamarekani mwanzoni mwa karne ya 20, jinsi jibu lao lilivyoenea katika nchi nyingine, na ni nani waliokosa kunufaika nalo. Hoja inayotetewa ni kwamba vyama hivyo vilizaliwa pale ambapo maisha ya viwanda na ofisi yalikuwa yameanza kumwona mzee kuwa mzigo. Vilimrudishia heshima, lakini kwa kumtenga na vijana, na kwa kuifanya heshima yenyewe kuwa mali ya wachache.

2. Gofu kabla ya mipaka ya umri

Huko Uskoti, mchezo huu ulikuwa na kanuni zilizoandikwa tangu mwaka 1744, wachezaji wa Edinburgh walipoziweka kwa ajili ya mashindano yao. Mwaka 1754 wale wa St Andrews nao wakaanzisha chama chao. Katika vyama hivyo umri haukuwa kigezo cha kuwagawanya wachezaji. Mfano bora ni ule wa Tom Morris na mwanawe aliyeitwa kwa jina hilohilo. Mwaka 1867 baba alishinda mashindano makuu ya wazi ya Uingereza akiwa na umri wa miaka 46, na hadi leo hakuna aliyeshinda mashindano hayo akiwa na umri mkubwa kuliko huo. Mwaka uliofuata, 1868, taji hilo lilichukuliwa na mwanawe, kijana wa miaka 17. Baba na mwana walishindana katika uwanja mmoja, kwa kanuni moja na kwa tuzo moja.

Kwa asili yake, gofu huruhusu hali hiyo. Mchezaji hapambani mwili kwa mwili na mwenziwe. Hutembea kwa mwendo wake, huupiga mpira uliotulia, na ushindi hupatikana kwa kuhesabu mikwaju: mwenye michache ndiye mshindi. Isitoshe, upo utaratibu wa kumpunguzia mchezaji dhaifu idadi fulani ya mikwaju ili aweze kushindana na hodari bila kuaibika. Kwa hiyo sababu ya kuwatenga wazee haitafutwi ndani ya mchezo wenyewe. Sharti itafutwe nje yake, katika jamii iliyoupokea.

Jamii hiyo ni ya Marekani. Klabu ya St Andrew's ilianzishwa Yonkers, karibu na New York, mwaka 1888, na chama cha taifa cha gofu kikaundwa mwaka 1894. Miongoni mwa mabingwa wa kwanza wa nchi hiyo alikuwa Walter Travis, mzaliwa wa Australia, aliyeanza kucheza akiwa na umri wa takriban miaka 35. Alishinda ubingwa wa Marekani wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1900, 1901 na 1903, kisha ule wa Uingereza mwaka 1904. Wenzake walimpa jina la utani la ‘Mzee’, ingawa alipopata ushindi huo wa mwisho alikuwa na umri wa miaka 42 tu. Jina hilo linastahili kuangaliwa kwa makini. Katika Kiswahili, mtu wa miaka 42 aweza kuitwa mzee kwa sababu ya cheo, elimu au watoto alio nao, na kuitwa hivyo ni kutukuzwa. Katika New York ya wakati ule, jina hilo lilibeba mzaha uliochanganyika na mshangao, kwamba mtu wa umri kama huo angali anaweza kuwashinda vijana.

3. Mwaka 1905: mihadhara na mashimo

Mshangao huo haukuwa wa wachezaji peke yao. Tarehe 22 Februari 1905, tabibu mashuhuri William Osler alitoa hotuba ya kuaga katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, kabla ya kuhamia Oxford. Katika hotuba hiyo alidai kwamba kazi kubwa za ulimwengu zimefanywa na watu walio kati ya miaka 25 na 40, na kwamba waliopita miaka 60 hawana faida kazini, hivyo ingefaa wastaafu. Kisha, kwa kuitania riwaya moja ya Anthony Trollope, akataja uwezekano wa kuwaaga wazee hao kwa dawa ya usingizi. Magazeti hayakuuona utani huo. Kwa majuma mengi yalimshambulia, na jina lake likageuzwa kuwa kitenzi chenye maana ya kumwondoa mtu kwa sababu ya uzee. Osler mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 55.

Ghadhabu hiyo ilikuwa na mizizi mirefu. Mwaka 1900, Mmarekani aliyezaliwa aliweza kutarajia kuishi takriban miaka 47, lakini waliovuka utoto na ujana walifika mbali zaidi, na idadi yao ilikuwa ikiongezeka. Wakati huohuo mashine na kampuni kubwa zilidai wepesi kuliko uzoefu. Ujerumani ilikuwa imetunga sheria ya malipo ya uzeeni mwaka 1889, na Uingereza ikafuata mwaka 1908, zote mbili zikianza na umri wa miaka 70. Marekani haikuwa na sheria ya namna hiyo kwa taifa zima hadi mwaka 1935. Uzee ulikuwa umekoma kuwa daraja la heshima tu na kuanza kuwa tatizo la hesabu.

Ni katika mwaka huohuo wa 1905 kwamba Horace L. Hotchkiss, mwanachama wa klabu ya Apawamis iliyoko Rye, katika jimbo la New York, alipoandaa mashindano ya gofu kwa wachezaji waliotimiza miaka 55. Si lazima kudai kwamba alikuwa akimjibu Osler. Inatosha kuona kwamba hotuba na mashindano vilitokea katika mazingira mamoja, na kwamba umri ambao tabibu aliuona kuwa ukingoni mwa manufaa, Hotchkiss aliufanya kuwa mlango wa kuingilia. Kwa mara ya kwanza katika mchezo huo miaka mingi ikawa sifa inayotakiwa: kijana wa miaka 54, hata angekuwa bingwa, hakuruhusiwa.

Mashindano hayo yalirudiwa kila mwaka katika uwanja huohuo. Utaratibu wake uliheshimu tofauti ndani ya uzee wenyewe, kwa kuwa wachezaji walipangwa pia katika madaraja ya umri, ili mtu wa miaka 70 asipimwe kwa kipimo cha mtu wa miaka 56. Mwaka 1917, baada ya miaka 12, mkutano huo wa kirafiki ukageuzwa kuwa chama rasmi cha Marekani cha wachezaji wa umri mkubwa. Mwaka huo ndio nchi hiyo ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, na mashindano makuu ya taifa ya gofu hayakufanyika mwaka 1917 wala 1918. Vijana walipokuwa wakiandikishwa jeshini, wazee walikuwa wakijiundia katiba.

Jina walilojichagulia nalo lina historia yake. Neno la Kilatini ‘senior’ lina maana ya ‘mwenye umri zaidi’. Katika ukoo huohuo wa maneno limo ‘seneti’, yaani baraza la wazee wa Roma, na kutokana na ‘senior’ yenyewe Wafaransa walipata ‘seigneur’ na ‘monsieur’, maneno ya kumtukuza bwana. Waanzilishi walikwepa neno la kawaida la uzee, ambalo katika lugha yao lilikuwa limechakaa, wakachukua lile lenye harufu ya mamlaka. Mswahili hakuhitaji mbinu hiyo: ‘mzee’ hutaja umri na heshima kwa pumzi moja.

4. Kuenea kwa mfano

Wakanada waliunda chama chao mwaka 1918, na pambano la kila mwaka kati ya nchi hizo mbili likaanzishwa. Kombe lake lilitolewa na Mtawala wa Devonshire, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Kanada tangu 1916 hadi 1921. Mwaka 1924 wanawake wa Marekani waliunda chama chao wenyewe, wakiweka umri wa kuingia kuwa miaka 50. Mwaka 1926 Waingereza nao wakafuata. Inashangaza kidogo kwamba nchi iliyoutoa mchezo huu kwa ulimwengu ilipokea wazo la kuwatenga wazee kutoka kwa wanafunzi wake.

Vyama hivyo vyote vilikuwa vya wachezaji wa ridhaa, watu waliokuwa na fedha na wasaa. Waliocheza kwa kulipwa walipata mashindano yao mwaka 1937, yalipofanyika kwa mara ya kwanza katika uwanja wa Augusta, jimbo la Georgia, kwa wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Mshindi alikuwa Jock Hutchison, mzaliwa wa St Andrews.

5. Waliobaki nje ya uzio

Kila mlango unaofunguliwa huwa pia na watu unaowafungia. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kilikuwa na kifungu katika katiba yake, tangu mwaka 1934 hadi 1961, kilichowaruhusu weupe peke yao. Mchezaji mweusi, basi, hakunyimwa ujana wa mchezo tu, bali uzee wake pia. Charlie Sifford, aliyezaliwa mwaka 1922 na kuanza akiwa mbeba fimbo huko North Carolina, alikuwa karibu kutimiza miaka 40 kifungu hicho kilipofutwa. Miaka yake bora ilikuwa imepita. Lakini mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 52, alishinda yale mashindano ya wazee yaliyoanza mwaka 1937. Uzee ulimlipa sehemu ya deni ambalo ujana ulikuwa umedhulumiwa.

Barani Afrika uzio ulikuwa wa namna nyingine. Klabu ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1901 na ile ya Nairobi mwaka 1906, zote kwa ajili ya maofisa na walowezi. Kwa Kongo, historia hiyo inaanzia Ubelgiji. Leopold wa Pili, aliyeimiliki Kongo tangu 1885 hadi 1908, alihimiza ujenzi wa viwanja vya gofu nchini mwake, na mwaka 1906 klabu ya kifalme ilianzishwa katika eneo la Ravenstein, huko Tervuren. Ni Tervuren hiyohiyo ambako mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa kuonyeshwa kwa umma, na saba kati yao wakafa, wakazikwa huko. Mjini Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, uwanja wa gofu uliwekwa pamoja na bustani ya wanyama katika ukanda uliotenganisha mtaa wa Wazungu na mitaa ya Waafrika. Majani yale mabichi yalikuwa ukuta. Mwafrika aliingia humo akiwa mbeba fimbo, na aliitwa ‘boi’ hata kama mvi zilikuwa zimekwisha kumtoka. Mahali pamoja, basi, Mzungu wa miaka 55 aliweza kutukuzwa kwa umri wake, huku mtu wa umri uleule aliyembebea mzigo akinyimwa hata jina la utu uzima.

6. Hitimisho

Historia hii fupi inaonyesha mambo mawili. Kwanza, uzee wa kijamii hutengenezwa: miaka 55 ya Hotchkiss, 60 ya Osler na 70 ya sheria za Ulaya ni mipaka iliyowekwa na watu kwa sababu za wakati wao. Pili, heshima ya mzee haitegemei umri wake peke yake, bali hutegemea kama jamii ina jambo inalomhitaji alifanye. Katika kyaghanda mzee hakuhitaji chama cha wazee, kwa kuwa vijana walimjia kwa haja zao: ardhi, mahari, ugomvi wa mipaka. Chama cha 1917 kilikusanya wazee ambao vijana hawakuwa tena na haja nao mahali pa kazi, kikawapa uwanja ambamo waliweza kuonekana.

Isidhaniwe kwamba kyaghanda ilikuwa pepo. Nayo ilikuwa na waliobaki nje, hasa wanawake na wasio na ardhi. Lakini tofauti inabaki, na ina uzito kwa Kongo. Sheria ya Juni 1961 iliunda taasisi ya taifa ya bima ya jamii, ambayo msingi wake ni ajira rasmi, na mkulima wa milimani hakuwa na ajira ya namna hiyo. Akiba yake ya uzeeni ilikuwa shamba na neno lake mbele ya ukoo. Ardhi imepungua Lubero, na vita vya miaka ya karibuni vimewang'oa wengi kwenye mashamba yao. Mzee aliyekimbia ameacha nyuma shamba, na pamoja nalo sababu iliyowafanya vijana wamjie. Wamarekani wa 1905 walipopoteza nafasi yao, walikuwa na fedha za kujinunulia nyingine. Mzee wa Alimbongo aliyeng'olewa hana uwanja mwingine wa kuhamia, na Waswahili husema palipo na wazee hapaharibiki neno. Ni wajibu wa wanaosoma na kufundisha kuuliza wazee hao wako wapi sasa, na ni nani anayekwenda kuketi nao.