Mlio wa Gari na Usingizi wa Jirani

Ndugu msikilizaji, hivi karibuni nilikuwa natoka Handeni, giza likanikuta Korogwe, nikalala katika nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu. Saa nane za usiku nilishtuka. Nilidhani lori limepinduka. Kumbe ni gari dogo la spoti, lile la chini chini, limepita likinguruma hadi vioo vya madirisha vikatetemeka. Chumba cha pili mtoto aliyekuwa na homa alianza kulia, na mama yake akambembeleza mpaka karibu na alfajiri.

Asubuhi niliulizia pale kwenye chai, nikaelekezwa kwa fundi wa kuchomelea anayefanya kazi chini ya mwembe. Hakunificha. "Mzee, ekzosi ya lile gari nilikata mimi. Mwenyewe alitaka lilie kama la rali." Nikamwuliza, je, sasa linakwenda kasi zaidi? Akacheka. "Kasi ni ile ile, mzee. Kilichozidi ni mlio."

Ndugu msikilizaji, jibu hilo ndilo lililonipa mazungumzo ya leo. Mlio wa injini ni kitu gani, na umetoka wapi hata kijana akubali kuulipia fedha? Tuulize historia, na wala hatuna haja ya kwenda mbali, maana Korogwe yenyewe ina mengi ya kutueleza.

Reli ya Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, ilifika Korogwe mwaka 1902. Wazee wa Kizigua, Kibondei na Kisambaa wa wakati ule walisikia injini ikihema kabla hawajaiona. Kule kuhema hakukuwa mbwembwe. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni ulielekezwa kwenye dohani, na ulipotoka pale kwa nguvu ulivuta hewa ipite motoni, moto ukazidi kuwaka. Mzigo ukiwa mzito, mvuke ulitoka kwa nguvu zaidi, na moto ukapata hewa zaidi. Kwa hiyo aliyekuwa shambani, kwa kusikia tu, aliweza kujua kama treni inapanda mlima na shehena au inateremka tupu. Mlio ule ulikuwa sehemu ya kazi.

Injini ya petroli ni habari nyingine. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hulipua mafuta mara 100 kwa kila sekunde. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, gesi hutoka ingali na msukumo mkubwa, na bila kitu cha kuipoza, kila mlipuko hupiga kama baruti. Mwaka 1897 ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipewa hati ya ugunduzi wa kifaa cha kunyamazisha injini, ambacho sisi leo tunakiita sailensa. Ndani ya lile kopo mna mabomba yenye matundu na kuta zinazogawa vyumba. Mawimbi ya sauti yanagonga kuta, yanarudi, yanapambana yenyewe kwa yenyewe na kupungua nguvu.

Sasa hiyo rali anayoitamani kijana wetu ilitoka wapi? Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1953, kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari Rally. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto, na njia zake zilipita pia katika milima ya Usambara, hiyo hiyo inayoonekana ukiwa Korogwe. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell katika Peugeot 404. Mwaka 1971 na tena 1973 ushindi ulikwenda kwa Datsun 240Z, gari la spoti hasa, lenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja.

Magari yale yalikuwa na mlio wa kusisimua, hilo halina ubishi. Lakini tukumbuke kwamba injini zake zilirekebishwa zizunguke kwa kasi kubwa mchana na usiku, na bomba la moshi likatengenezwa kufuata injini hiyo. Tena ilibidi likingwe lisipondwe na mawe wala kung'olewa na matope. Fundi wa rali alishughulikia injini kwanza, mlio ukafuata wenyewe. Kijana wetu wa leo ameanzia mwisho.

Wapo wanaosema kukata sailensa kunaongeza nguvu. Kwa injini ya mashindano, inayozunguka kwa kasi muda wote, bomba pana lina faida yake. Kwa gari la kwenda sokoni na kurudi, bomba likiwa pana kupita kiasi, gesi hupungua mwendo injini inapozunguka polepole, na gari huwa zito kuondoka. Na liko jambo la hatari zaidi. Bomba likikatwa chini ya viti, moshi hauishii nyuma ya gari tena. Ndani yake mna kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Dereva anayesinzia ndani ya gari hilo, injini ikiwaka na vioo vimefungwa, anaweza asiamke.

Sisemi, ndugu msikilizaji, kwamba kupenda mlio mzuri ni kosa. Mlio wa injini unaweza kutengenezwa kama ngoma inavyowambwa. Angalieni Subaru Impreza, ambayo Colin McRae alishindia Safari mwaka 1997. Mngurumo wake wa kukatakata, ambao vijana wanautambua hata wakiwa ndani ya nyumba, ulitokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu, hivyo mapigo ya silinda hayakufika kwa nafasi sawa. Fundi anayejua kazi atachagua bomba la upana unaofaa, ataziba kila panapovuja, ataweka sailensa yenye pamba ya kioo ndani ya kununua sauti kali na kuacha ile nzito ya chini, na atapeleka mdomo wa bomba nyuma kabisa. Gari litalia vizuri na jirani atalala. Kazi hiyo inataka kupima na kufikiri. Kukata kunataka msumeno tu.

Sheria nayo haikulala. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zimeweka viwango vya kelele, na cha usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Lakini trafiki hawezi kukesha katika kila mtaa wa Manundu pale Korogwe, wala wa Chanika pale Handeni, akivizia magari na pikipiki zilizokatwa ekzosi. Fundi ndiye wa kwanza kumwambia mteja wake ukweli, kabla hajawasha mtambo wake.

Yule fundi wa chini ya mwembe aliniambia jambo moja zaidi nilipokuwa naaga. Kipande alichokikata hakukitupa, amekitundika ukutani pamoja na vingine vinne. "Huwa wanarudi, mzee," alisema. "Wakichoka nao kusikia, wanakuja nichomelee tena." Nikamwambia safari ijayo amshauri mteja kabla ya kukata. Akasema akifanya hivyo atakosa hela mara mbili.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Nilipopanda basi asubuhi ile nilimwona yule mama wa chumba cha pili, mtoto amelala mgongoni, hatimaye. Yeye mwenyewe alikuwa akisinzia kwa kusimama.

Kwa leo naishia hapo, ndugu msikilizaji. Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.