Nyumba ya Mawe na Hesabu ya Mazingira: Funzo la Ujenzi wa Kale wa Waswahili

Istilahi "ujenzi rafiki wa mazingira" imeenea sana katika mijadala ya wasanifu majengo, na mara nyingi huelezwa kana kwamba ni fikra iliyoletwa kutoka ng'ambo. Kwa upande wa pili, wapo wanaoitazama nyumba ya mawe ya Mswahili na kudai kwamba wahenga walikwisha kuikamilisha kazi hiyo karne nyingi zilizopita. Madai yote mawili yanastahili kupimwa kwa mizani ya historia.

Kwanza, ni vyema ikumbukwe kwamba jiwe halikuwa mwanzo. Uchimbuzi wa kiakiolojia ulioongozwa na Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, ulidhihirisha kuwa misikiti ya awali ya mji huo, ya karne ya 8, ilijengwa kwa miti. Matumbawe yalifuata baadaye. Hata Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliusifu mji huo kwa majengo yake ya mbao. Nyumba ya mawe ilikuwa ya wenye uwezo. Wengi waliishi katika nyumba za udongo na makuti.

Pamoja na hayo, sifa za nyumba hiyo ni za kweli. Mawe yalichimbwa karibu na mji. Kuta zenye unene wa nusu mita hivi zilichelewesha joto la mchana lisipenye ndani. Vichochoro vyembamba vilitiana kivuli, na kiwanda cha ndani kiliingiza mwanga na upepo. Ubaridi huo ulipatikana bila mashine yoyote. Hali kadhalika, upana wa chumba ulitawaliwa na urefu wa boriti ya mkoko: vyumba vya Lamu ni virefu lakini havizidi mita 3 kwa upana. Mjenzi alikubali mpaka aliowekewa na mti.

Hata hivyo, hesabu ina upande wa pili. Chokaa haikupatikana bure. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya lundo kubwa la kuni na kuchomwa, na kila nyumba iliyopakwa chokaa ilikuwa na miti yake iliyoteketea. Matumbawe laini ya kuchongea mihirabu na vidaka yalikatwa baharini yangali hai. Aidha, boriti zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu, hata serikali ya Kenya ikapiga marufuku usafirishaji huo mwaka 1982. Mikoko hulinda fukwe, huwa mazalio ya samaki na huhifadhi kaboni nyingi katika tope lake. Kuikata bila kipimo ni kuubomoa ukuta wa bahari ili kujenga ukuta wa nyumba.

Je, saruji ilileta nafuu? Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954, nacho cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kikafuata mwaka 1966. Saruji iliokoa kuni na kumpunguzia fundi muda, lakini malighafi yake huokwa kwa joto la nyuzi 1450 hivi za Selsiasi, ilhali chokaa huhitaji takriban 900. Leo saruji huchangia kiasi cha asilimia 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu duniani. Chokaa nayo hutoa hewa hiyo inapochomwa, lakini hufyonza tena sehemu yake inapokauka ukutani. Isitoshe, saruji ikipakwa juu ya ukuta wa kale hufungia unyevu ndani, na jiwe likaoza taratibu. Pamoja na hayo, machimbo ya Bamburi yana funzo lake: kuanzia mwaka 1971, René Haller alipanda mivinje katika mashimo yaliyoachwa matupu, na jangwa lile likawa msitu.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, suala hili lina uzito wa pekee. Wakataji mikoko wa Lamu hupanga miti kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa. Kamusi yaweza kuyaeleza yote kuwa "miti ya kujengea", na msomaji asione kasoro. Kumbe mpangilio huo ni elimu ya misitu iliyohifadhiwa katika msamiati. Anayejua tofauti ya pau na boriti anajua pia ni mti upi uachwe ukue. Maneno hayo yakififia, fundi hubakiwa na neno moja tu, naye atakata chochote kitakachotangulia mbele ya shoka lake.

Kwa hiyo, nyumba ya mawe haistahili kuabudiwa wala kudharauliwa. Inafundisha kivuli, upepo na kiasi. Inaonya pia kwamba kila ukuta una gharama iliyolipwa mahali pengine, msituni au baharini. Ujenzi rafiki wa mazingira huanza pale mjenzi anapokubali kuihesabu gharama hiyo kabla ya kuweka jiwe la kwanza.