Boriti, Chuma na Vioo

Ndugu wanafunzi, nanyi mliotutangulia, kila aliyepita Mchinga ameiona mikoko ya ghuba yetu. Mti huo ndio uliowapimia wazee vyumba vyao. Boriti ya mkoko hubeba dari nzito ya mawe na chokaa, ila haivuki mbali. Ndiyo maana nyumba za mawe za pwani, toka Kilwa hadi Lamu, zina vyumba virefu ambavyo upana wake hauzidi sana mita 3. Aliyetaka ukumbi mpana ilimpasa aweke nguzo nyingi au ajenge kuba. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, alifanya yote mawili alipoupanua Msikiti Mkuu.

Chuma ndicho kilichofungua kifungo hicho. Mwaka 1851 London ilijenga Crystal Palace, ukumbi wa maonyesho wa chuma na vioo. Mwaka 1885 likasimama Chicago jengo la ghorofa 10 juu ya kiunzi cha chuma. Lakini miaka 2 kabla ya hilo la Chicago, Seyyid Barghash wa Unguja alikuwa amekwisha kujenga Beit al-Ajaib, kwa nguzo za chuma cha kusubu na mihimili ya chuma. Nasi huambiwa mambo haya yametufikia juzi!

Jumba hilo lilistahimili mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa matengenezo, sehemu yake iliporomoka, na watu 2 wakafa.

Hapa wenye nia ya uhandisi watege sikio. Upepo wa kwetu una chumvi. Chuma kikiota kutu huvimba, kikapasua zege inayokizunguka, na ufa ukazidi kuingiza maji. Majumba ya vioo ya Dar es Salaam, ambayo mengi kwa kweli ni ya zege yaliyovishwa vioo tu, yana na adui wa pili, nalo ni jua. Kioo huingiza mwanga pamoja na joto, na joto hilo hubaki ndani. Basi mashine za kupoza hewa hufanya kazi kutwa, na umeme ukikatika ofisi huwa tanuri.

Sisemi turudie boriti. Mikoko sasa ni hifadhi, na ni vema. Lakini kuta nene na kivuli cha baraza havikuhitaji umeme, na Beit al-Ajaib yenyewe, pamoja na chuma chake chote, ilizungushiwa baraza kila ghorofa.