Sauti ya Pili: Bi Kidude na Nyimbo za Siti binti Saad

Nyimbo zilizompa Bi Kidude jina duniani, nyingi zilikuwa za mtu mwingine. Muhogo wa Jang'ombe, Kijiti na nyinginezo alizozifikisha katika majukwaa ya Ulaya akiwa bibi kizee zilitoka kwa Siti binti Saad, aliyefariki Julai 1950. Zipo tuzo na filamu zilizomtukuza Bi Kidude kama ajabu ya umri: mwanamke anayekadiriwa kuzaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye bado aliimba na kupiga ngoma katika karne ya 21. Umri huo ulikuwa wa kustaajabisha, sikatai. Lakini kumstaajabia ajuza kumetufanya tusahau kuuliza kazi aliyoifanya hasa. Maoni yangu ni kwamba Bi Kidude alikuwa mfasiri wa nyimbo, na kwa kuzifasiri akawa mtunza kumbukumbu wa watu ambao serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya kuwatunzia kumbukumbu yoyote.

Kazi ya namna hii ina heshima yake kwingineko. Mwaka 1956 Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazz wa Marekani, alirekodi nyimbo 32 za mtunzi Cole Porter katika albamu moja ya sahani mbili, chini ya kampuni ya Verve ya Norman Granz. Zikafuata albamu za nyimbo za Rodgers na Hart, Duke Ellington, Irving Berlin, ndugu wawili Gershwin na wengine, hadi mwaka 1964. Fitzgerald hakutunga hata wimbo mmoja kati ya hizo za Porter, na hakuna aliyemwona pungufu kwa sababu hiyo. Wamarekani walielewa kwamba wimbo ukishatungwa haujakamilika; hungoja sauti itakayoonyesha kilichomo ndani yake. Sisi tulilipokea neno jazz tukalipachika katika majina ya bendi zetu, Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz, ingawa muziki wenyewe ulikuwa dansi yenye asili nyingi. Heshima ile kwa mfasiri wa wimbo hatukuipokea pamoja na neno lake.

Turudi kwa Siti. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia iliyotoka bara, mzazi mmoja Mnyamwezi na mwingine Mzigua, wakati utumwa ulikuwa bado halali visiwani. Alifinyanga na kuuza vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini. Taarabu ya wakati huo ilikuwa burudani ya jumba la Sultani na ya waungwana, ikiimbwa kwa Kiarabu. Klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilitoka katika mazingira hayo. Siti aliiimba kwa Kiswahili, akaishi Ng'ambo, upande wa pili wa hori uliotenganisha Mji Mkongwe na makazi ya mafukara, wengi wao wakiwa watumwa wa jana na watoto wao. Mwaka 1928 alisafiri na wanamuziki wenzake hadi Bombay kurekodi. Anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa katika sahani za santuri. Mwaka huohuo wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Sidai kwamba jambo moja lilizaa lingine, ila watu walikuwa walewale.

Mtunzi alikuwa nani? Hapa ndipo mfano wa Cole Porter unapoanza kutuacha mkono. Porter aliandika maneno na muziki, akatia jina lake, akalipwa. Nyimbo za kundi la Siti zilitungwa kwa pamoja: yeye, Subeti bin Ambari, Mbaruku Talsam aliyekuwa kipofu, Buda bin Mwendo na Mwalimu Shaabani. Watu walikusanyika nyumbani kwa Siti usiku, wakaleta habari za mtaani na za mahakamani, na habari zikageuka beti. Mtoa habari, mtunzi, mpigaji na mwimbaji walikuwa baraza moja.

Kijiti ni mfano mkubwa wa mabaraza hayo. Mwanamke alitoka Dar es Salaam kwenda kutembea Unguja. Akatoka usiku kwenda kujifurahisha, akauawa na mtu aitwaye Kijiti. Muuaji akavuka bahari akakimbilia bara. Waliofika mbele ya hakimu Mzungu kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani, kwa kosa la kupatikana pombe. Wimbo unasimulia hayo yote na kumtaja mhusika kwa jina. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu starehe na siasa za Zanzibar baada ya utumwa, ameonyesha jinsi nyimbo za Siti zilivyokuwa hukumu ya wananchi juu ya mahakama za kikoloni. Mtumishi wa umma anayesoma haya atambue ugumu wa jambo hilo: jalada la kesi lilisema sheria imefuatwa, na wimbo ukasema haki haikutendeka. Vyote viwili ni nyaraka.

Lakini sahani ya santuri ya zama hizo ilibeba kama dakika tatu kila upande. Wimbo uliozoea kuenea usiku mzima ulikatwa ukae humo. Sahani zenyewe zilivunjika, zilikwaruzika, zikapotea. Shaaban Robert alituandikia Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu chenye kutukuka, ambacho kinatupa maisha na tabia ya Siti. Sauti kisingeweza kutupa. Pengo hilo alilijaza mtu wa kusikiliza.

Fatma binti Baraka, ndilo jina la Bi Kidude, alikua akimsikiliza Siti na kundi lake. Alijifunza kwa sikio. Hakuwa na karatasi ya noti wala ya maneno, na hapa tofauti yake na Fitzgerald ni kubwa, kwani Fitzgerald alikuwa na maandishi ya Porter mbele yake. Bi Kidude alikuwa pia mtu wa unyago, mpigaji wa msondo na mwalimu wa wasichana, na hilo ndilo lililobadilisha kila alichokiimba. Sauti ya Siti tunayoisikia katika sahani inapanda na kupamba, kwa adabu ya taarabu iliyojifunza kwa Waarabu. Ya Bi Kidude ni nzito, ina mikwaruzo, inasukumwa kutoka kifuani kama ya mtu anayetaka asikike juu ya ngoma. Mara aliimba na fidla, ganuni na akodiani. Mara na ngoma tu. Alipoifanya Kijiti, mashtaka yalihama kutoka ukumbi wa taarabu yakaenda kwa kungwi, yaani kwa mwanamke mzima mwenye wajibu wa kuwaambia wanawake wadogo dunia ilivyo. Maneno yalibaki kuhusu hakimu na pombe, lakini ilikuwa vigumu kumsikia bila kuhisi kwamba anawaonya wasichana kuhusu wanaume na kuhusu mahakama kwa pamoja. Hiyo ndiyo fasiri.

Msomaji wa Maposeni au Peramiho ana haki ya kuuliza Unguja inamhusu nini. Njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje ilikatiza nchi hizi za kusini. Wanyasa, Wayao na wengine waliochukuliwa kwa njia hiyo walivushwa hadi Unguja, hata soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873 na utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897. Walifika bila mali, ila na ngoma zao na mafunzo ya unyago. Unyago wa Unguja una mizizi ya bara, na mizizi mingi ni ya kusini. Kwa hiyo Bi Kidude alipouingiza msondo ndani ya nyimbo za Siti, alizirudishia mdundo ambao babu na bibi za watu wa Ng'ambo walikuja nao. Tunapofundisha historia ya biashara ya watumwa kusini mwa Tanzania tunataja misafara, pembe za ndovu na idadi ya watu, na darasa linaishia pwani. Lingefaa livuke maji.

Nije kwenye sheria, kwa sababu wanafunzi wangu wa uongozi wa umma huniuliza nani alipwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, inamlinda mtunzi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Ukimhesabu Siti peke yake, muda huo ulikwisha mwaka 2000. Kwa kundi lililotunga pamoja, hesabu huanzia kifo cha wa mwisho wao, na unahitaji rekodi za vifo ambazo Ng'ambo ya miaka ile haikuwa imezizingatia. Hakishiriki humlinda mwimbaji kwa rekodi aliyoifanya, si kwa miaka aliyoubeba wimbo kichwani wakati hapakuwa na mtu wa kuurekodi. Bi Kidude aliubeba tangu utotoni. Tuzo ya WOMEX aliipata mwaka 2005, akiwa na umri ambao wengi wetu hatutaufikia. Sheria iliyoandikwa kwa ajili ya Porter na Fitzgerald inaona ncha mbili za kamba hiyo, mtungaji na rekodi. Katikati ya kamba haioni mtu.

Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Vyuo vyetu vina kozi za fasihi simulizi, na vingi vinamtaja katika mstari mmoja wa utangulizi kama mwimbaji wa taarabu. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu achukue sahani ya Siti iliyosalia na rekodi yoyote ya Bi Kidude ya wimbo huohuo, aziweke sambamba, kisha aandike ubeti kwa ubeti kilichoachwa, kilichoongezwa na kilichohamishwa.