Mkojo Ulioganda

Sisi tukaao nyanda za juu, Mbeya na Iringa, twaijua homa ya malaria, maana ndugu zetu washukao Kyela, Usangu na Pawaga kulima mpunga mara nyingi hurudi nayo. Lakini si wengi wajuao kwamba iko namna ya homa hiyo iwezayo kuharibu figo. Na tueleze jinsi jambo hili lilivyojulikana.

Tangu zamani watu walivimba uso na miguu, na wengine wakadhani wamerogwa. Katika kitabu cha mwaka 1764, Domenico Cotugno, daktari wa Naples, alieleza kwamba aliuchemsha mkojo wa askari aliyevimba, nao ukaganda kama ute wa yai. Mwaka 1827 Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London, akaonyesha kwamba wagonjwa wa namna hiyo wakifa, figo zao huonekana zimeharibika. Kupima mkojo kulihitaji kijiko na mshumaa tu.

Sababu ni hii. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Uchafu hupita pamoja na maji, bali protini hubaki katika damu. Kichujio kikiharibika, protini huvuja; ndipo maji huiacha damu, yakaingia katika nyama, na mtu huvimba.

Katika miaka ya 1960, huko Mulago, Kampala, daktari John Kibukamusoke na wenzake waliwachunguza wagonjwa waliovimba hivyo. Mwaka 1967 walitoa habari kwamba wengi wao walikuwa na vijidudu vya ile malaria irudiayo kila siku ya nne. Mwili upiganapo na vijidudu hivyo, mabaki ya vita hunasa katika vichujio. Dawa iliviua vijidudu, lakini haikuziponya figo. Bali huko Guyana malaria ilipokomeshwa, ugonjwa huu nao ulipungua. Kumbe chandarua chaweza kulinda figo kuliko dawa iliyochelewa.

Siku hizi kisukari na shinikizo la damu huharibu figo za wengi, wala haziumi mwanzoni. Lakini kikaratasi kikichovywa katika mkojo hubadilika rangi protini ikiwamo, na ziko dawa za shinikizo zipunguzazo kuvuja huko. Basi ndugu yetu akiamka amevimba uso, tusimtafute mchawi. Twende naye zahanati, mkojo wake upimwe siku hiyo hiyo.