Hargeisa 1988: Ndege zilizopiga mji zilikotokea

1/ Kila majangili wakishambulia huku kwetu, hakosi mtu wa kuandika hapa: "Si serikali irushe tu ndege, ipige mabomu huko, iishe!" Kabla tushangilie, tuangalie Hargeisa, kaskazini mwa Somalia.

2/ Mwisho wa Mei 1988, waasi waliingia mjini. Serikali ya kijeshi ilijibu kwa mizinga na ndege za kivita. Na ndege hazikutoka mbali: ziliruka kutoka uwanja wa Hargeisa penyewe, zikageuka, zikapiga mitaa ya mji huo huo.

3/ Waasi walikuwa na bunduki. Mama aliyekuwa jikoni hakuwa na kitu. Familia zilikimbilia Ethiopia kwa miguu, na hata njiani ndege ziliwafuata. Mamia ya maelfu waliishia kambini. Mji ukabaki vifusi.

4/ Je, uasi uliisha? Wapi! Kufikia 1991 serikali yenyewe ndiyo ilianguka.

5/ Leo katikati ya Hargeisa kuna ndege ya MiG juu ya mnara wa ukumbusho. Mimi nasema hivi: anayetaka bomu lianguke kijijini, kwanza atuambie watoto wa hapo watakuwa wapi siku hiyo.