Redio, Vishikwambi na Mwalimu: Teknolojia katika Madarasa ya Nakuru

Kwa miaka mingi baada ya uhuru, teknolojia iliyozifikia shule za msingi za Nakuru na Bonde la Ufa la kati ilikuwa redio. Vipindi vya shule vilitayarishwa na Taasisi ya Elimu Kenya (KIE) na kurushwa na Sauti ya Kenya. Redio ya betri ilifanya kazi hata pasipo umeme. Kipindi, hata hivyo, hakikumsubiri mtu: darasa lililochelewa lilikuta somo limeshaanza, na mtoto ambaye hakuelewa hakuwa na wa kumrudishia maneno isipokuwa mwalimu wake.

Mitambo mikubwa haikuwa mbali. Mwaka 1970 kituo cha setilaiti kilifunguliwa Longonot, na mwaka 1981 Olkaria, karibu na Naivasha, ikaanza kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini. Umeme huo uliingia kwenye gridi ya taifa, huku shule nyingi za vijijini zikiendelea na ubao na chaki. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, wanafunzi nchini waliongezeka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2, na aliyebeba mzigo huo darasani alikuwa mwalimu.

Nakuru ilikuwa miongoni mwa kaunti ulikojaribiwa mradi wa PRIMR, ulioanza mwaka 2011 kwa lengo la kuboresha usomaji na hesabu katika madarasa ya chini. Jaribio lake la teknolojia lilifanyika Kisumu. Kundi moja la shule lilipata vishikwambi kwa ajili ya wakufunzi wanaozitembelea, la pili kwa ajili ya walimu, na la tatu likapewa visomeo vya kielektroniki vya wanafunzi. Usomaji uliimarika katika makundi yote matatu, na tofauti kati yao haikuwa kubwa. Matokeo hayo yanastahili kukumbukwa kuliko idadi yoyote ya vifaa. Mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia mwaka 2015, ulimpa kishikwambi mkufunzi: aliketi darasani, akafuatilia somo, akawasikiliza watoto wachache wakisoma, akarekodi, kisha akazungumza na mwalimu kuhusu alichokiona.

Serikali ilifuata pia njia nyingine. Ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza, iliyotolewa mwaka 2013, ilikwama kwenye kesi za zabuni hadi mwaka 2016. Wakati huo shule za msingi ziliharakishiwa umeme, na zilizo mbali na gridi zikawekewa sola. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawiwa nchini. Pamoja na vishikwambi vya wanafunzi, shule ilipokea kompyuta mbili za walimu, projekta na kifaa cha kuhifadhia masomo.

Shule za upili za kutwa hazikuwa katika mgao huo. Mojawapo, Keriko, iliyoko kijiji cha Pwani, Njoro, ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kukatikakatika, na mwalimu mmoja kwa kila wanafunzi 58. Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia shuleni hapo, alikwenda saiba, akapakua masomo, kisha akayatumia darasani bila mtandao. Alitumia teknolojia katika asilimia 80 ya masomo yake. Mwezi Machi 2019 alitunukiwa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani jijini Dubai, yenye thamani ya dola milioni moja. Kilichoifanya kompyuta ile moja iwafae wanafunzi wengi ni kazi aliyoifanya kabla ya kengele ya somo kulia.

Mwaka uliofuata, mwezi Machi, shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ilirusha masomo kupitia televisheni, YouTube na redio ya KBC. Kwa familia isiyo na simu ya intaneti wala televisheni, redio ndiyo iliyobaki, lakini safari hii mwalimu wa kurudia maneno hakuwapo. Madarasa yote yalirejea shuleni Januari 2021.